Amu hakuna mto: somo la maji lianzie kisimani

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Sayansi Jumuishi, Gredi ya 7 na ya 8, hapa Amu (Lamu) kisiwani. Tulihudhuria mafunzo ya walimu kuhusu mabonde ya maji na elimu ya mazingira kwa vitendo. Vitabu tulivyopewa vimejaa milima na mito, na kazi za wanafunzi zote ni za mtoni: kupima kasi ya maji, kuinua mawe na kuangalia wadudu walio chini yake. Sisi mto hatuna, na nauli ya kuwavusha watoto bara hatuna. Niwapeleke wapi? Na jambo la pili: kuna wafadhili wanataka shule nzima ipande mikoko kwa siku moja. Nikubali?

Jibu: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nianze na hili la mto, kwa sababu limewakatisha tamaa walimu wengi wa visiwani bila sababu. Bonde la maji ni eneo lote linalopokea mvua na kuielekeza mahali pamoja. Mto ni njia moja tu ya kuifikisha huko. Kisiwani kwenu mvua haitiririki juu ya ardhi, inazama. Inaangukia vilima vya mchanga vya Shela, inapenya, inakusanyika chini, inachotwa visimani, na inayobaki inatoka polepole kuingia baharini. Chanzo, njia na mwisho vyote vipo, tena viko mahali ambapo mtoto wa miaka 13 anaweza kuvitembelea vyote asubuhi moja kwa miguu. Mwalimu wa Garissa anayefundisha kando ya mto Tana, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, hawezi kamwe kuwaonyesha wanafunzi wake siku moja mahali mto unapoanzia na mahali unapomwaga maji yake kule Kipini. Wewe unaweza. Kwa hiyo usijione umenyimwa kitu.

Kabla ya kuwatoa watoto darasani, wewe mwenyewe lazima uelewe vizuri namna maji haya yanavyokaa, maana vitabu vya mito havisemi. Chini ya kisiwa chenye mchanga, maji ya bahari yamepenya kutoka pande zote. Mvua inapozama haichanganyiki nayo yote; maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hivyo hukaa juu yake. Tabaka hilo la maji matamu lina umbo la kitumbua, nene katikati ya kisiwa na jembamba kadiri unavyokaribia ufuo. Mholanzi Willem Badon Ghijben aliandika kanuni yake mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Alexander Herzberg akaifikia kivyake mwaka 1901 alipokuwa akishughulika na visima vya visiwa vya Bahari ya Kaskazini. Uzito wa maji ya bahari ni kama 1.025 pale ambapo maji matamu ni 1.000. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na kama mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo.

Isome sentensi hiyo kinyumenyume uone uzito wake. Kiwango cha maji kikishushwa nusu mita kwa kuvuta kuliko mvua inavyorudisha, mpaka wa chumvi chini unaweza kupanda kiasi cha mita 20. Haupandi siku hiyo hiyo. Huenda polepole, na ndiyo maana watu hawaoni kosa linapofanyika. Mwanafunzi akishaelewa hili, ameelewa kwa nini vilima vya Shela si mchanga mtupu, na kwa nini mvutano wa ardhi na ujenzi katika vilima hivyo unaugusa mfereji wa nyumbani kwao.

Sasa twende kwenye vitendo. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanaushikilia: chagueni kisima kimoja mkipime mwaka mzima. Ziara ya siku moja, iwe nzuri namna gani, huwaachia watoto kumbukumbu ya matembezi. Namba za mwaka mzima walizozichukua kwa mikono yao huwaachia ujuzi wa kusoma mabadiliko, na huwapa haki ya kuzungumza na wakubwa kuhusu maji wakiwa na kitu mkononi.

Kisima kiwe cha shule kama kipo. Kama hakipo, ombeni cha msikiti ulio jirani au cha mzazi. Nendeni kuomba kwa adabu, wewe pamoja na wanafunzi wawili watatu, na mweleze mwenyewe mtakachopima, saa ngapi, na kwamba majibu atayapata yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha tieni alama ya rangi kwenye ukingo wa kisima. Vipimo vyote vitaanzia hapo, hata akija mwanafunzi mwingine mwaka kesho.

Kupima kina hakuhitaji mashine. Chukueni utepe wa kupimia wa fundi, fungeni chubwi ya mvuvi (kile kizito cha kuzamishia mshipi) mwishoni, halafu pakeni chaki kwenye mita ya mwisho ya utepe. Teremsheni mpaka chaki iingie majini, shikeni namba inayolingana na alama ya ukingoni, kisha vuteni. Sehemu ya chaki iliyolowa hubadilika rangi na mstari wake huonekana wazi kabisa. Toeni urefu uliolowa kutoka namba ya ukingoni, mtapata umbali wa kutoka ukingo hadi maji kwa usahihi wa sentimita. Mtoto wa Gredi ya 7 hulijua hili kwa mara moja. Jambo la kusisitiza ni usalama: hakuna mtoto anayeinama juu ya kisima, anayepima anasimama huku ameshikwa na mwenzake, na mtu mzima yupo pale muda wote. Kisima kisicho na ukingo wa kufika kifuani msikitumie.

Hapa ndipo kisima cha kisiwani kinapokuwa mwalimu bora kuliko mto. Siku ya kwanza, msipime mara moja mkaondoka. Pimeni kila saa, tangu maji ya bahari yanapokupwa hadi yanapojaa. Kisima kilicho karibu na ufuo kitapanda na kushuka pamoja na bahari, ila kwa kiasi kidogo zaidi na kwa kuchelewa. Kilicho mbali na ufuo kitacheza kidogo sana au kisionyeshe kitu. Mwambie kila mwanafunzi achore mistari miwili kwenye karatasi moja, wa bahari na wa kisima, halafu waache wagombane wenyewe kuhusu kwa nini vilele havilingani. Usiwape jibu haraka. Mabishano ya watoto juu ya mchoro walioufanya wenyewe yana faida kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Kwa sababu kisima kinafuata bahari, mkipima ovyo ovyo mtachanganya mabadiliko ya maji ya bahari na mabadiliko ya mvua. Dawa yake watoto wa Amu wanaijua kuliko mtaalamu yeyote wa kutoka bara: mwezi. Pimeni wakati wa bamvu tu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Katika pwani yetu bamvu hupwa asubuhi mnamo saa nne hivi, na kila baada ya majuma mawili saa hiyo hujirudia. Kwa hiyo mna saa moja isiyobadilika, ndani ya muda wa masomo, ambayo bahari iko katika hali ile ile. Ikiangukia siku ya mapumziko, siku inayofuata itatosha. Mkikosa mara moja acheni nafasi wazi kwenye daftari, msibuni namba. Kufundisha mtoto kuacha nafasi wazi ni nusu ya kumfundisha sayansi.

Pamoja na kina, pimeni chumvi. Kuna kalamu ndogo inayopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji yakiwa na chumvi nyingi namba hupanda. Ni kifaa cha bei nafuu na kimoja kinatosha shule nzima. Kipimo chake ni mikrosimensi kwa sentimita. Maji ya bahari hufika kama 50,000, maji ya mvua safi huwa makumi tu, na maji ya kisima yakipita 1,500 hivi watu wengi huanza kuonja chumvi. Nunueni na kichupa cha maji ya kusahihishia kalamu, yale ya namba 1,413, na isahihisheni kila mwanzo wa mwezi. Bila hivyo mtakuwa mnapima uchakavu wa kalamu mkidhani ni kisima. Baadhi ya vitabu hupendekeza kutengeneza kielea cha mrija na udongo badala ya kalamu. Kwa maji ya visima msihangaike nacho. Tofauti ya uzito ni ndogo mno kuonekana. Na kamwe watoto wasipime kwa kuonja.

Kalenda ya shule inawafaa vizuri sana. Muhula wa kwanza unaangukia kaskazi na joto, visima viko chini na chumvi iko juu. Muhula wa pili unakutana na masika. Mvua nyingi ya Amu hushuka kati ya Aprili na Juni, Mei ikiongoza. Muhula wa tatu mtaona maji yakianza tena kushuka kabla ya mvua za vuli. Bandikeni kipima mvua uani, hata chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kugeuzwa kuwa faneli, ili mwisho wa mwaka muweke mvua, kina na chumvi katika mchoro mmoja. Kitakachowashangaza wanafunzi ni kwamba kisima hakipandi siku ya mvua ya kwanza. Mchanga mkavu hunywa kwanza.

Wakati namba zinakusanyika, jengeni kisiwa darasani. Tafuteni dishi la plastiki linaloonyesha ndani. Rundikeni mchanga katikati uwe kilima, pande mbili ziachwe tupu ziwe bahari. Msitumie mchanga laini wa Shela kwa kazi hii, ingawa mkono utakutuma huko; katika dishi dogo mchanga laini hunyonya maji kwenda juu na kuharibu picha yote. Tumieni mchanga mkubwa wa kujengea uliooshwa. Mimineni maji ya bahari pembeni mpaka yafike chini kidogo ya nusu ya kilima. Halafu tieni rangi ya chakula katika maji matamu na muyanyunyize juu ya kilima kwa kopo lililotobolewa, polepole, kwa dakika nyingi. Aliye na haraka ataona rangi ikitiririka juu na kuingia baharini. Aliye na subira ataona rangi ikishuka, ikituama, na mpaka kati yake na maji yasiyo na rangi ukijitokeza kwenye ukuta wa dishi.

Kisha chimbeni "kisima" kwa mrija uliozikwa mapema, na mvute maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vuta kidogo kidogo, kalamu itasoma namba ndogo. Vuta kwa nguvu mfululizo, namba itapanda mbele ya macho yao. Kazi hii ifanye wewe kwanza na walimu wenzako, Jumamosi moja, kabla ya darasa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mara nyingi mafunzo ya walimu yakiishia kwenye slaidi na chai. Mwalimu ambaye mikono yake haijaingia mchangani atairuka kazi hii atakapofika darasani, na simlaumu.

Ziara ya Shela iwe baada ya hapo, si kabla. Wakiwa tayari wamelijua dishi, vilima watavitazama kwa macho mengine. Nendeni siku ya bamvu, mapema, mfike ufuoni maji yakiwa yanamalizia kupwa. Pangeni watoto kwa vikundi katika mstari mmoja, kutoka chini ya kilima hadi karibu na maji ya bahari, kila kikundi kichimbe shimo kwa mikono mpaka maji yatokee. Pimeni chumvi ya kila shimo. Kwa kawaida namba hupanda kadiri mnavyokaribia bahari, na pale karibu na kilima mnaweza kukuta maji yaliyo matamu kuliko mtu alivyotarajia ufuoni. Huo ndio ukingo wa kitumbua, na ndiyo njia ambayo bonde lenu la maji hutokea baharini. Wavuvi wa zamani waliujua bila kalamu. Mashimo yafukieni, na maji yakianza kujaa ondokeni.

Juu ya kilima fanyeni jaribio moja fupi. Chukueni mkebe uliokatwa kifuniko na kitako, uchomekeni mchangani, mimineni lita moja na mhesabu sekunde. Rudieni kwenye njia iliyokanyagwa sana, halafu kwenye uwanja wa shule. Tofauti itajieleza. Kofia na maji ya kunywa zisisahauliwe. Mchanga wa Shela saa sita hauna huruma.

Mvutano wa vilima vile utajitokeza, hata usipoutaja. Mtoto atauliza nani anajenga, nani aliruhusu. Usilikwepe swali, lakini usiwageuze wanafunzi kuwa mashahidi wa kesi za watu wazima. Waonyeshe kinachopimika: maji yanayozama, maji yanayovutwa, na mashimo ya vyoo yanayochimbwa mahali ambapo maji ya kunywa yanatoka. Hayo wayabebe nyumbani.

Kuna upande wa pili wa maji ya Amu ambao hauko ardhini kabisa, nao ni paa. Wazee wa visiwa hivi, wa miji ya Pate na Siyu hasa, walijenga majabia, yaani matangi makubwa ya kukinga maji ya mvua, kwa sababu walijua visima havitoshi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Darasa lenye paa la mita 8 kwa 6, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, linapokea lita 43,200. Toeni sehemu moja kwa tano inayopotea, zinabaki kama 34,500. Wanafunzi 40 wakinywa lita 2 kila mmoja kwa siku 190 za masomo wanahitaji lita 15,200. Paa la darasa moja, basi, linaweza kulinywesha darasa lake na darasa jingine pia. Tatizo ni kwamba mvua hiyo karibu yote inakuja kwa miezi michache, na hapo mwanafunzi ataona mwenyewe kwa nini jabia lilijengwa kubwa vile. Mpe mwalimu wa Hisabati kazi hii, atakushukuru.

Na msiache kuwapeleka katika nyumba moja ya kale ya mawe. Katika birika la chooni, wazee walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Mwambie mtoto achore birika hilo, bakuli na samaki, kisha aeleze kila kitu kinafanya kazi gani. Katika bakuli moja ana uhifadhi wa maji, afya ya umma na ikolojia, vyote vimebuniwa na watu wa mtaa wake. Watalii wanaokuja kuutazama mji huu, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, hutazama milango. Watoto wa Amu wafundishwe kutazama mabirika.

Mwalimu wa Dini naye ana nafasi yake. Waislamu tunajua mafundisho ya kutofanya israfu ya maji hata penye mto unaotiririka, na tunajua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kama robo tatu ya lita au pungufu kidogo. Wekeni beseni chini ya mfereji, mwanafunzi atawadhe kama kawaida yake, kisha pimeni maji yaliyomo. Rudieni kwa kopo. Zidisheni kwa swala tano na kwa idadi ya watu wa nyumbani kwao. Sijui somo jingine la mazingira linaloingia moyoni kwa watoto wetu haraka kama hili, maana halikutoka nje.

Uchafu wa maji ni sehemu nyeti zaidi, na nakuomba uwe na hadhari. Mitaa ya Mkomani na Langoni imebanana, nyumba na nyumba, na umbali wa mita 30 unaoshauriwa kati ya kisima na choo cha shimo hauwezekani kwa wengi. Kuna chupa za majaribio zenye karatasi inayogeuka nyeusi maji yakiwa na bakteria wa kinyesi. Mbinu hiyo ilitokea India mwaka 1982, ni rahisi na haihitaji maabara. Mnatia maji, mnafunga, mnaiacha kwa siku moja hadi tatu katika joto la kawaida la Amu. Lakini weusi ni dalili, si hukumu, kwani baadhi ya maji ya ardhini hugeuza karatasi hiyo bila kinyesi. Fanyeni pamoja na afisa wa afya ya umma, yeye ndiye atakayethibitisha. Majibu yaende kwa mwenye kisima au kamati ya msikiti, kwa mdomo, kwa heshima, pamoja na ushauri wa kuchemsha au kutia klorini. Yasiandikwe ubaoni kwa jina la nyumba, yasipigwe picha yakasambazwa kwenye simu. Kisima cha mtu ni sitara yake. Mkimwaibisha mmoja, milango yote itafungwa, na mwaka unaofuata hamtakuwa na pa kupima. Chupa zilizotumika zitieni dawa ya klorini kabla ya kuzimwaga.

Kwa wanafunzi wanaopenda historia, ng'ambo ya maji kuna Takwa, kisiwani Manda. Ulikuwa mji wa mawe uliostawi na kuhamwa katika karne ya 17, na sababu inayotajwa sana ni maji ya visima kugeuka chumvi. Watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kuzuru kaburi la nguzo lililoko pale na kuomba mvua. Mkipata mashua na majaketi ya kuokolea, nendeni. Msipopata, mwalikeni mzee wa Shela aje shuleni, na wanafunzi wa Kiswahili wamhoji: visima gani vilikuwa vitamu utotoni mwake, vipi vimeharibika, na nani alikuwa na jukumu la kuvisafisha. Majibu yake yaingizwe kwenye daftari lile lile la vipimo, kwenye kurasa za nyuma.

Daftari hilo liwe la shule, lenye jalada gumu, likae kwa mwalimu mkuu. Ukihamishwa, wewe uende na ujuzi, daftari libaki. Kila ukurasa uwe na tarehe ya kawaida na ya mwezi wa Kiislamu, saa, jina la aliyepima, kina, chumvi, mvua, na nafasi ya maneno. Hiyo nafasi ya maneno usiidharau. "Pampu ilikuwa inavuta tulipofika" inaweza kueleza namba ambayo bila hivyo ingewasumbua mwaka mzima.

Sasa kuhusu mikoko na wafadhili. Kaunti ya Lamu ina kama asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya, zaidi ya hekta 37,000 kati ya 61,000 hivi, kwa hiyo mwanafunzi wa Amu ni lazima aijue. Ila kupanda kwa siku moja na watoto mia kadhaa mara nyingi huishia na miche iliyokufa, kwa sababu huchaguliwa mahali penye nafasi ya kupiga picha badala ya mahali ambapo mti ungeota. Kila aina ya mikoko ina makao yake. Mlilana huvumilia upande wa bahari, mkoko wenyewe hufuata kwenye tope linalofunikwa na maji mara kwa mara, mkandaa hukaa juu zaidi, na mchu huweza kuonekana pembe zote mbili. Miche ya mkoko ndiyo rahisi kuokota na kuchomeka, basi huchomekwa kila mahali, hata kwenye mchanga mtupu ambapo haijawahi kuota tangu dunia iumbwe. Penye chipukizi za asili hapahitaji kupandwa, panahitaji kuachwa.

Waulize wafadhili mambo matatu kabla ya kukubali. Je, wakata boriti na wavuvi wa mahali pale wameshauriwa ni mti gani ulikuwa hapo na kwa nini ulitoweka? Je, watakubali kundi dogo la wanafunzi 30 badala ya shule nzima, kila mmoja na miche yake yenye namba? Na je, wako tayari kugharimia mashua ya kurudi baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili kuhesabu iliyo hai na iliyokufa, na kukubali hesabu hiyo iandikwe kwenye daftari lenu hata ikiwa mbaya? Wakikubali yote matatu, nendeni kwa moyo mmoja, kwa kuwa mtakuwa mnafanya kazi ya kweli. Wakitaka siku moja tu, fulana na picha, waambie kwa upole kwamba mwaka huu shule ina kazi ya kisima, na kama wana hamu ya kusaidia, mnahitaji kalamu ya chumvi, utepe wa kupimia na tangi la kukinga maji ya paa.